Eafoni za kujiundia: besi ilikuwa inapotea nikivaa zote mbili, sasa imepatikana

Wenzangu mnaojiundia eafoni, huenda hili likawapunguzia usumbufu. Natumia maganda ya MX500 (maganda matupu yenye umbo la eafoni za Sennheiser MX500) na spika za milimita 15.4, omu 32. Ukisikiliza upande mmoja peke yake, wowote ule, besi ipo. Ukivaa zote mbili besi inayeyuka, na mwimbaji badala ya kukaa katikati anatawanyika, kama anaimbia kisogoni.

Nilibadilisha sponji, nikalehemu upya pini, nikakagua gundi ya maganda. Wapi!

Dawa ilikuwa betri kuukuu ya saa ya ukutani, volti 1.5. Fungua maganda, ng'oa nyaya za spika, kisha gusisha betri kwenye miguu ya spika mara moja tu na kuachia, huku umemulika utando (ngozi nyembamba ya spika inayotikisika) kwa tochi ya simu. Usiishikilie, koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya spika, ni nyembamba mno. Chanya niliiweka kwenye mguu wenye nukta nyekundu, alama ya chanya: spika ya kwanza utando ukaruka mbele, ya pili ukarudi nyuma. Kumbe nukta ya ile ya pili ilipakwa mguu usio wake! Moja inasukuma, mwenzake anavuta, ndiyo maana besi zilikuwa zinafutana.

Nikabadilisha nafasi za nyaya mbili za spika hiyo, basi. Angalizo: nyaya hizi zina vanishi, kwa hiyo zamisha ncha kwenye tone la risasi moto ya kulehemia hadi vanishi iungue, la sivyo risasi haishiki. Mwimbaji karudi katikati, na besi nayo imejaa hata kwa sponji nyembamba.