Kaa chini, mjomba!

Dodoma sikwenda kutembea. Nilikwenda kufuatilia mafao yangu, na Ijumaa saa nne asubuhi nikaambiwa nirudi Jumatatu kwa sababu mwenye funguo za kabati kaenda msibani. Nimetoka Lindi, nimelala njiani, mgongo haunyooki, halafu naambiwa habari za funguo. Ofisi yenyewe siitaji.

Nilifikia kwa dada yangu, Nkuhungu. Kitindamimba wake yuko kidato cha pili, na ugonjwa wake ni dinosaria, wale wanyama wa kale waliokwisha kutoweka. Jumamosi alfajiri akaniamsha: "Mjomba, twende Mtera tukaone mamba anavyowinda." Dada akadakia kutoka jikoni kwamba nimchukue tu, humu ndani kashawachosha watu. Nauli ikawa yangu, kwenda na kurudi, vichwa viwili, na chai ya stendi ambayo kikombe kimoja kwetu ungekunywa viwili ukabakiwa na chenji ya andazi.

Njiani sina la kusimulia. Mibuyu, mbuzi, joto, na chuma cha kiti kilichonichoma ubavu mpaka Chipogolo. Mtoto ndiye aliyejaza safari. Kuna dinosaria mmoja, anaitwa spinosaurasi, mla nyama mrefu kama mita 14 hivi, mwenye mdomo mwembamba kama wa mamba na tanga mgongoni. Mjerumani Ernst Stromer alimwandika mwaka 1915 kwa mifupa iliyotoka jangwani Misri, ikahifadhiwa Munich, na Aprili 1944 mabomu ya Waingereza yakaiteketeza yote. Ikabaki michoro. Hapo mtoto alinyamaza kidogo, kama anayetaja marehemu wa karibu. Mwaka 2014 Nizar Ibrahim na wenzake wakaonyesha mifupa mingine kutoka Moroko, na tangu hapo wataalamu hawalali: alikuwa anaogelea na kuzama kufukuza samaki, au alikuwa anasimama tu majini akiwadokoa?

Nikamwuliza hilo litanisaidia nini kwenye mafao. Akacheka.

Mtera ni bwawa, lakini mtu wa pwani ukilitazama mara ya kwanza moyo unakudanganya kwamba umefika nyumbani. Maji mpaka macho yanachoka, na mchana upepo unapiga kweli. Kilichokosekana ni harufu ya chumvi. Mwenye mtumbwi alitaka shilingi 30,000. Nikageuka kama ninaondoka, akaniita, tukamalizana kwa 20,000. Nikajua nimeliwa, maana wenzake waliokuwa wakishona nyavu waliinamisha vichwa wote kwa pamoja.

Mamba tulimwona. Alikuwa macho mawili na tundu za pua juu ya maji, kama vifundo vya gogo, akazama kabla sijamaliza kusema bismillahi. Ndiyo 20,000 hiyo. Mtoto lakini alifurahi: "Umeona pua ilipo, mjomba? Ya mamba iko nchani, anaachia hiyo tu nje. Ya spinosaurasi iko nyuma, karibu na macho. Angeweza kuchovya mdomo wote majini na bado akapumua."

Mimi nilikuwa nafua maji kwa kidumu kilichokatwa, kwa mazoea tu, maana ngama ilikuwa imejaa na mwenyewe haoni tabu. Mtoto akaendelea kwamba mifupa ya mnyama huyo ilikuwa mizito, imejaa ndani, haina uwazi mkubwa kama ya dinosaria wengine walao nyama. Mwaka 2022 kuna watafiti waliopima mifupa ya wanyama wengi, wakatamka kwamba huyu alizama kuwinda.

"Hiyo farumi," nikamwambia.

Hakulijua neno. Mtoto wa ukoo wa manahodha, kazaliwa Dodoma, farumi haijui! Nikaacha kufua maji nikamweleza habari za mawe aliyokuwa akiyapanga baba chini ya dau likiwa halina shehena, ili lisilale. Akatoa simu akaliandika.

"Na tanga lake linakunjwa?"

"Halikunjwi, mjomba. Ni mifupa na ngozi. Mwiba mmoja unapita mita moja na nusu."

Nikamwambia basi huyo hawezi kuwa mwogeleaji, labda kama siku zile upepo ulikuwa haujaumbwa. Tanga lisilokunjwa, chombo kiko juujuu ya maji! Baba alikuwa akiona wingu jeusi tu upande wa Mnazi Mmoja, tanga liko chini kabla hatujauliza. Mtoto akakiri kwamba Donald Henderson wa Canada alimtengeneza mnyama huyo kwenye kompyuta mwaka 2018, akaona majini angelala ubavu. Lakini mwaka 2020 ukatangazwa mkia, kutoka kulekule Moroko. Mkia mpana, bapa kama kafi. "Ukiwa na kafi namna hiyo unajiweka sawa. Ngoja nikuonyeshe."

Akavuta turubai la kufunikia samaki, akasimama, akalitandaza mgongoni kwa mikono miwili.

"Kaa chini, mjomba! Kaa chini!"

Upepo ukaingia. Nakumbuka turubai likijaa vizuri kabisa, duara, kama tanga lililofungwa na fundi. Nakumbuka mwenye mtumbwi akisema "Aa," si kwa hofu, kama mtu aliyedondosha kijiko. Halafu nikawa chini ya maji na mkoba wangu shingoni.

Wasomaji, mimi naogelea tangu sijajua kusoma. Siku ile nilisahau yote. Kichwani nilikuwa na macho mawili na tundu za pua. Nilipiga maji, nikapiga mateke, nikasoma ninazozijua na nusu ya nisizozijua, nikaita "Mamba! Mamba!" nikamkanyaga mtoto wa dada yangu. Nilipochoka nikasikia sauti ya upole nyuma yangu: "Mzee wangu, simama. Maji ya kiuno haya."

Nikasimama.

Tulianika nguo juu ya mawe. Mkobani mlikuwa na bahasha yangu ya kaki: barua ya ajira, vyeti, fomu zenye mihuri. Sikutaka kuiacha nyumbani kwa watu wengi. Nikazitandaza karatasi moja moja, kila moja na jiwe lake, na mwenye mtumbwi, bila kuulizwa, akanirudishia 5,000.

Hapo ndipo tulipomwona korongo. Alitua maji ya magotini, akasimama. Suruali yangu ilianza kukauka, yeye kasimama. Shingo imekunjwa, jicho moja chini. Halafu shingo ikafyatuka na perege akawa mdomoni, anajipinda.

"Mnyama wenu alikuwa huyu," alisema mwenye mtumbwi. "Mamba hahitaji tanga."

Mtoto akachukia kidogo, akasema hata wasomi wapo wanaosema hivyo: David Hone na Thomas Holtz mwaka 2021, na Paul Sereno na wenzake mwaka uliofuata, waliopiga hesabu wakakuta mnyama anaelea mno, hazami, na mwendo wake majini haufiki mita 1 kwa sekunde. "Lakini korongo ana mkia wa kafi?" Mwenye mtumbwi akatafakari kwa heshima zote. Akasema labda wa kuringia majike. Mtoto akasema na hilo limeshasemwa.

Nikamtolea la kwetu. Bibi alikuwa akisimulia kwamba babu yake alilipwa na Wadachi, yaani Wajerumani, kubeba mawe kichwani, kutoka kilima cha Tendaguru mpaka bandarini Lindi. Yale mawe ndiyo mifupa ya dinosaria iliyochimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, na leo imesimama Berlin, shingo juu kuliko mnazi mchanga. Mtoto aliruka. Kumbe humo humo mlikuwa na jino ambalo Mfaransa Eric Buffetaut alilipa jina mwaka 2012, ostafrikasaurasi, akisema huenda ni la ukoo wa spinosaurasi, mkongwe wa miaka milioni 150 hivi. Wapo wanaombishia. "Mjomba, huenda babu alilibeba yeye!" Nikawaza mtu huyo na mzigo wake kichwani, jua la Lindi, hajui kama ni jino, wala la nani, anahesabu malipo yake.

Basi la kurudi tulilipa zaidi kwa sababu ya ndoo ya perege. Usiku mzima nyumba ilinuka.

Jumatatu mwenye funguo alikuwepo. Aliinua barua yangu ya ajira kwa vidole viwili, wino umetambaa, gamba la perege limeganda kwenye muhuri.

"Mzee, hizi zimepita wapi?"

Nikaanza kumweleza kuhusu tanga.