Kahawa ya kona ya dirishani
Ofisi yetu hapa Ligula, Mtwara, ni chumba kimoja: meza, feni, printa, na kona ya dirishani niliyoitaifisha kwa ajili ya kahawa. Jiko la gesi halina pa kukaa, basi ni birika la umeme, jagi na chujio la chai. Kahawa yenyewe arabika ya Mbinga, isagwe chengachenga. Ikiwa unga laini inapenya chujio na kikombe kinajaa tope. Maji yakichemka nayaacha nusu dakika, namimina, nafunika dakika 4, nachuja. Gramu 15 kwa mililita 250, bila ubahili. Sukari kila mtu na dhambi zake. Bosi bado anang'ang'ania ile ya kopo, shauri yake. Korosho zipo mezani, karibuni.