Baiskeli ya mkaa

Mama aliponiuliza kwenye simu nashinda na nini bandani hadi usiku, nilimwambia naunda fremu ya baiskeli kwa kaboni. Akataka kujua kaboni ndiyo nini. Nikahangaika kutafuta neno, mwisho nikasema ni kitu kama mkaa.

"Eh! Baiskeli iliyobeba mkaa nimeiona tangu utoto," akasema. "Baiskeli ya mkaa yenyewe ndiyo kwanza naisikia kwako, mwanangu."

Anayeijua Tabora anajua anachosema. Alfajiri barabara za kutoka vijijini zinajaa wanaume wanaosukuma Phoenix, kila moja na magunia mawili matatu yaliyofungwa kwa mipira ya tyubu. Mmoja wao alikuwa mjomba wangu.

Sasa naishi Nottingham, Uingereza. Babu alikuwa na Raleigh, ile yenye kichwa cha korongo kwenye nembo ya mbele, na kumbe ilitoka hapa hapa: kampuni ilichukua jina la mtaa, Raleigh Street, ilikokuwa karakana ya kwanza miaka ya 1880. Kiwanda kiliacha kutengeneza baiskeli mwaka 2002. Nikienda kazini napita Triumph Road, na pale kilipokuwa kiwanda leo wanafunzi wa chuo kikuu wanakunywa kahawa kando ya maji. Kiwanda kimefungwa, mabanda yamebaki. Kila nyumba mtaani kwetu ina banda la mbao uani, na watu wa nchi hii wanayaheshimu mabanda yao kuliko sebule. Mskoti Graeme Obree alivunja rekodi ya dunia ya kwenda mbali zaidi kwa saa moja, mwaka 1993, kwa baiskeli aliyojiundia yenye beringi za mashine ya kufulia. Nikasema, na mimi nitajaribu.

Tena mama hakukosea sana. Mjomba alipochoma mkaa alipanga magogo, akayafunika kwa majani na udongo, akaziba kila tundu, kwa sababu hewa ikiingia unapata majivu. Nyuzi za kaboni nazo zinaanza kama nyuzi za plastiki, zinaokwa kwenye tanuri lisilo na oksijeni, zaidi ya sentigredi 1000, mpaka kinachobaki ni kaboni karibu tupu. Uzi mmoja ni mwembamba kama sehemu ya kumi ya unywele. Ukiuvuta kwa urefu una nguvu za ajabu, ukiukunja unakatika. Ndiyo maana unapofunga kiungo unalaza tabaka moja limenyooka na bomba, linalofuata mshazari, lingine mshazari wa upande wa pili.

Mabomba nilinunua. Kazi yangu ilikuwa viungo. Unakata ncha ya bomba kwa mviringo hadi iume bomba lenzake bila kuachia mwanga, unalishika kwa gundi, kisha unazungushia kitambaa cha kaboni kilicholowa epoksi, gundi ya kuchanganya inayojipasha joto ikiganda. Sehemu za aluminiamu nilizivika kwanza kitambaa cha faibaglasi, maana kaboni na aluminiamu zikigusana penye maji ya chumvi, aluminiamu inaliwa, na huku wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani. Juu ya yote unabana ili epoksi ya ziada itoke. Wenzangu wanatumia utepe wa fundi umeme. Mimi nilikata tyubu za zamani vipande virefu nikavuta kama mjomba alivyofunga magunia yake, na nailoni yenye vitobo chini yake ili mpira usigande. Epoksi ikachuruzika kwenye kila kitobo. Nilifurahi peke yangu kama mtoto.

Makosa yalikuwepo. Mara ya kwanza nilikoroga epoksi nyingi kwenye kikopo cha mtindi. Dakika chache kikaanza kuniunguza vidole, kikatoa moshi, nikakitupa kwenye majani. Januari ikawa kinyume chake, banda lina sentigredi 6, siku ya tatu gundi bado inanata. Nikachukua blanketi la umeme la chumbani nikaifunika fremu. Mama Neema aliingia kulitafuta, akalikuta, akaniambia, "Baba Neema, leo utalala na hiyo baiskeli yako."

Kosa kubwa nililigundua kwa kamba. Utotoni nilimwona fundi pale stendi akifunga uzi nyuma, panapokaa ekseli ya gurudumu, akiupitisha mbele ya bomba la shingo na kuurudisha upande wa pili, halafu akipima nafasi kati ya uzi na bomba la siti, kulia na kushoto. Zikilingana, fremu imenyooka. Yangu kulia ilikuwa milimita 31, kushoto 23. Maana yake nyuma ilikuwa imekwenda upande. Klampu ilisogea usiku, sikuona. Yule fundi angeingiza bomba refu, akalalia kwa uzito wake, akapima tena, akadai mia tano yake. Kaboni hainyooshwi. Nilivaa barakoa na glavu nikakata viungo viwili kwa msumeno wa chuma, na kwa wiki nzima mikono iliwasha kwa vumbi lililopenya kwenye mikono ya shati.

Machi nilipima tena: 27 na 27. Nikagonga kila kiungo kwa sarafu ya peni kumi nikisikiliza, maana tabaka likiachana ndani mlio unakuwa mzito, kama kibuyu kilichopasuka. Vyote vikalia kavu. Fremu tupu gramu 1,640, nzito kwa wanaojua mambo hayo. Jumapili nikateremka nayo taratibu hadi mto Trent, masikio yangu yote kwenye viungo, nikarudi mzima.

Jioni nilimpigia mama kwa video, nikainyanyua kwa vidole viwili. Aliitazama sana.

"Nyepesi kweli. Keria iko wapi?"

Nikasema hazina keria hizi.

"Haya. Na mzigo?"

Kutoboa siwezi, tundu moja linakata nyuzi zote zilizopita hapo. Lakini jana nimepima bomba la siti, lina milimita 34. Bangili ya kubana inaweza kukaa, nikitanguliza kipande cha tyubu.