Mbegu zisizo na kiini

Mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya viwavijeshi vamizi kuthibitishwa nchini, nilikuwa nasoma baiolojia katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Mahindi ya baba mdogo kule Kongwa yalikuwa yametafunwa hadi kwenye moyo wa mche, na kila mtu alikuwa akizungumzia kiwavi. Mimi nilivutwa na nondo anayemzaa kiwavi huyo, hasa jinsi mbegu za kiume zinavyokomaa ndani ya dume, jambo ambalo wengi hawalifikirii kabisa.

Viwavi wa shamba lile niliwalea kwenye makopo, kila mmoja peke yake kwa sababu hulana, hadi wakawa pupa na hatimaye nondo. Jioni moja mwalimu wangu alibaki maabara ili tumpasue dume wa kwanza.

“Usivute, binti yangu,” aliniambia nilipoishika ngozi ya tumbo kwa kibano. “Ifungue upande wa mgongoni, maji ya chumvi yatakusaidia kuitenga.”

Katikati ya mafuta meupe ilionekana korodani moja tu, ya mviringo, ndogo kuliko punje ya uwele. Kiwavi dume huwa nazo mbili, kila moja na folikuli nne, yaani vyumba vidogo ambamo mbegu hutengenezwa, lakini huungana anapogeuka kuwa pupa. Ndani ya folikuli, seli moja hugawanyika mara sita zikapatikana 64, kisha mgawanyiko unaopunguza kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi, huzifikisha 256, zote zikikua kwa pamoja ndani ya kifuko kimoja. Kazi hiyo huanza mapema, dume akiwa bado kiwavi, na katika spishi nyingi huendelea hata baada ya nondo kuruka.

Tuliuchana mrija unaotoka kwenye korodani, tukadondosha rangi inayoshika kiini cha seli, nami nikainamia hadubini. Mafungu marefu ya mbegu yalikuwa yamelala yakiwa bado yameshikamana, ncha zake zimekolea rangi. Pembeni yake, nyuzi fupi nyingi zilikuwa zikijipinda moja moja, na hakuna hata moja iliyoshika rangi.

“Mwalimu, hizi zimeharibika?”

“Hapana. Ndivyo zilivyoumbwa.”

Alinieleza kwamba Friedrich Meves, Mjerumani, alizieleza aina hizo mbili mwanzoni mwa karne ya 20: moja yenye kiini, inayorutubisha yai, na nyingine isiyo na kiini, ambayo haibebi urithi wowote ingawa mara nyingi ndiyo iliyo nyingi zaidi. Jibu hilo lilinisisimua kuliko lolote nililopewa darasani. Je, mdudu mwenye maisha mafupi kiasi hicho atatumiaje chakula chake kutengeneza kitu kisichoweza kuzaa? Mwaka uliofuata, utafiti juu ya nondo wa hariri ulionyesha kwamba dume asiye na mbegu hizo hawezi kutungisha mayai, kwa kuwa zile zenye kiini hushindwa kufika kwenye kifuko cha jike kinachohifadhi mbegu.

Usiku ule tulizungumza pia juu ya saa ya mwili wa nondo. Katika spishi kadhaa, mafungu ya mbegu hutoka kwenye korodani kwa mpangilio wa kila siku unaofuata mwanga na giza, na dume anayewekwa kwenye mwanga usiokatika huweza kupoteza uwezo wa kuzaa. Niliomba palepale niruhusiwe kuyahamishia baadhi ya makopo kwenye chumba ambacho taa yake haizimwi, na mwalimu akakubali.