Miraba na duara

Jana nilimsindikiza kaka kwa daktari wa macho, nikarudi na karatasi moja. Tangu usiku naikunja na kuikunjua.

Kaka ana miaka 26. Gizani haoni kitu, na mchana anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Daktari alitaja jina la ugonjwa, retinitisi pigmentosa, unaokula polepole retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kisha akauliza nani mwingine nyumbani anao. Nikamweleza habari za marehemu mjomba, aliyekuwa akifunga meza yake pale soko la Kadutu kabla jua halijazama. Watu walisema anaringa, kwa sababu ukimsalimia kutoka ubavuni hageuki. Maskini mjomba, alikuwa haoni pembeni!

Daktari akachora ukoo wetu kwenye karatasi hiyo, miraba kwa wanaume, duara kwa wanawake. Akaipaka wino miraba miwili, wa mjomba na wa kaka. Ndani ya duara la mama akatia nukta, yaani anaubeba bila kuugua. Alisema bila kipimo hawezi kuapa, maana jeni, yaani vinasaba vya kurithi, zinazoleta ugonjwa huu zimepita 80. Lakini ukiona unapita kwa wanawake na kuwaangukia wanaume namna hii, ya kwanza kushukiwa ni RPGR, jeni iliyotambuliwa mwaka 1996 kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni mwilini. Mwanamke ana X mbili, kwa hiyo nzima humsaidia ile yenye kasoro. Mwanamume anayo moja tu, pamoja na Y.

Miaka yote shangazi zangu wamesema, "Hayo macho yametoka kwa mama yenu." Inaniuma kwamba njia waliitaja sawasawa, lawama ndiyo waliyoitoa kusikojulikana. Mama alipokea kwa bibi, na bibi alikufa angali anatunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Niliuliza dawa. Ipo ya jeni nyingine, RPE65. Marekani iliiruhusu Desemba 2017: kirusi kilichoondolewa makali hupeleka jeni nzima hadi kwenye retina, na bei yake ilitangazwa dola 850,000 kwa macho mawili. Kaka aliomba arudiwe hiyo bei, akanyamaza. Ya RPGR ingali kwenye majaribio.

Usiku ndipo nikauona upande wa mjomba kwenye karatasi. Baba huwapa wanawe wa kiume Y yake, na mabinti wote X yake. Basi wavulana wa mjomba wamepona kwa upande huo, lakini mabinti zake watatu, kama daktari amekisia sawa, wote wanaibeba. Mimi, binti wa mama, kuibeba niko nusu kwa nusu, na mchumba wangu bado sijamwambia. Nitamwambia Jumapili.

Mkubwa wa mabinti wa mjomba ameolewa Uvira, ana mvulana wa miaka sita. Jioni hii nimempigia simu, nikamwuliza kama mtoto anaona vizuri usiku. Alikaa kimya kidogo. Akasema, "Umeme ukikatika analia, anapapasa ukuta. Sisi tunamkaripia, tunamwambia mwanaume haogopi giza."