Plasta ya simiti kwenye ukuta wa mawe: nilivyomrudisha fundi kazini Lamu

Ukuta wa chini wa nyumba ya zamani ukianza kutoa unga mweupe miezi michache tu baada ya plasta mpya, usikimbilie rangi. Ugonge kwanza kwa mpini wa mwiko. Wangu ulilia kama debe tupu, tangu sakafuni hadi usawa wa kiuno: plasta ilikuwa imeachana na jiwe. Nikachovya kidole kwenye ule unga, nikauonja. Chumvi.

Mkosaji ni simiti. Nyumba za mji wa kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chini hazina kizuizi cha unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini pamoja na chumvi yake. Plasta ya chokaa huyaacha yatoke taratibu. Simiti huyafungia, chumvi ikaganda nyuma yake na kuisukuma hadi ibambuke. Fundi wangu alikuwa ametumia na mchanga wa ufuoni, yaani chumvi juu ya chumvi.

Sikumwita kugombana. Nilimpa mwiko agonge mwenyewe. "Lakini simiti ndiyo yenye nguvu, bwana," akasema. Kweli, kwa nyumba ya bloku, na huko ndiko alikojifunzia kazi. Kilichoniokoa ni robo ya ujira niliyokuwa sijalipa; kilichoniponza ni kwamba tulipopatana sikutaja chokaa hata mara moja. Basi tukagawana hasara: kazi yake bure, vifaa juu yangu, na robo ile aichukue plasta ikishakauka bila ufa. Safari hii tuliandika: chokaa gani, mchanga gani, unene gani.

Simiti yote ilitolewa kwa patasi na nyundo ndogo, hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Nyundo kubwa huvunja matumbawe. Viungo baina ya mawe vilichokolewa sentimita 2 kwenda ndani. Chumvi hupanguswa kwa brashi kavu. Ukimwaga maji unairudisha ukutani. Kisha ukuta uliachwa wazi ukauke kaskazi nzima, msimu wa ukavu. Hapo ndipo mafundi wengi hukosa subira, na wenye nyumba pia.

Chokaa ya mfuko tuliiloweka usiku kucha. Iliyozimwa kwa maji shimoni na kukaa humo wiki kadhaa ni bora zaidi. Funika macho, inaunguza. Kipimo ni debe moja la chokaa kwa matatu ya mchanga wa shimo uliooshwa kwa maji matamu. Mchanga wa vilima vya Shela, kijiji jirani, usiuguse, ndivyo vinavyotuhifadhia maji ya kunywa. Kila tabaka lisizidi sentimita 1, na baina ya moja na jingine tulingoja wiki, magunia mabichi yakiwa yametundikwa mbele ya ukuta. Upepo ukiikausha plasta upesi, hupasuka.

Juu yake tulipaka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono mitatu. Rangi ya plastiki ingeziba kila kitu upya.

Siku ya kulipa tuligonga tena pamoja. Kipande kimoja karibu na mlango kikalia. Akakibandua bila kuambiwa. Unga kidogo hutokea bado baada ya mvua, naupangusa kwa brashi.