Mshipi wa mapumziko Pemba: mwezi, leseni na mipaka ya hifadhi

Nikipanga kwenda kuvua kwa mshipi (uzi wa kuvulia wenye ndoana) upande wa Wesha, magharibi mwa Pemba, siulizi kwanza samaki wako wapi. Naangalia mwezi una siku ngapi. Kuanzia siku ya 1 hadi ya 3 tangu mwezi kuandama, na tena kuanzia ya 15 hadi ya 17, ni bamvua: maji hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi na hujaa karibu na saa 10 jioni, na tofauti ya kupwa na kujaa huweza kufika kama mita 4. Mkondo wa siku hizo hubeba chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi), mshipi ukalala mshazari, chambo kikaelea mbali na mwamba, na mtu akarudi pwani akisema hakuna samaki. Samaki wapo, ila chambo hakikuwafikia.

Kwa anayevua siku za mapumziko, maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapwi wala kujaa sana, ndiyo yake: siku ya 8 hadi ya 10 ya mwezi huo, au ya 22 hadi ya 24. Kama nafasi imepatikana wakati wa bamvua, basi vua ile nusu saa kabla maji hayajasimama na nusu saa baada yake, muda uliobaki pumzika. Kumbuka maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa uliyoitumia Jumamosi haikufai Jumatano.

Mwezi unaukagua kila safari, leseni unaikata kwa mwaka. Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar Namba 7 ya 2010 inataka leseni, nami huhesabu mbili: ya mtu na ya chombo. Ukikodi mashua au boti, usitosheke na nahodha kukwambia kila kitu kipo. Mwombe karatasi kwa adabu, ulinganishe namba iliyoandikwa humo na ile iliyopakwa rangi ubavuni mwa chombo, kisha utazame tarehe ya mwisho. Leseni ya kubeba abiria si leseni ya kuvulia, na wageni wengi wa hoteli hukwama hapo. Ada zote za serikali zina stakabadhi. Mtu akitaka umpe mkononi bila karatasi, mwambie utalipia ofisini.

Baada ya leseni kuna hifadhi, na hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Wengi hudhani hifadhi ni kisiwa cha Misali peke yake. Sivyo. Eneo la Hifadhi la Mkondo wa Pemba, PECCA, lililotangazwa 2005, limechukua bahari ya upande wa magharibi wa kisiwa, na Misali imo ndani yake. Uvuvi wa kawaida unaruhusiwa sehemu kubwa ya eneo hilo, lakini Misali ina sehemu ambayo haivuliwi kabisa, iwe kwa mshipi, kwa dema (mtego wa samaki) au kwa chochote. Mlinzi wa hifadhi ndiye wa kukuonyesha mpaka unapoanzia. Mpigie salamu, mweleze unakusudia kutupa wapi, akuonyeshe kwa kidole kutoka ufukweni. Ramani ya simu haitakutosha, kwa sababu mpaka unafuata mwamba.

Halafu kuna shehia, yaani utawala wa kijiji. Kila kijiji cha wavuvi kina kamati yake ya uvuvi, na kamati nyingi hufunga mwamba wa pweza kwa muda, mara nyingi miezi 3. Kisiwa Panza ni miongoni mwa sehemu zinazojulikana kwa utaratibu huo. Sababu yake ni ya kibaolojia tu: pweza huishi kama mwaka mmoja au zaidi kidogo na hukua kwa kasi, kwa hiyo ukimwacha wiki chache uzito wake hupanda sana. Mwamba uliofungwa hauna ukuta wala bendera kila mahali. Ukifika kijiji usichokijua, nenda diko (mahali vyombo vya uvuvi vinapofikia), toa shikamoo kwa wazee, uliza: "Mwamba gani umefungwa, na unafunguliwa lini?" Wazee watakwambia hata lile ambalo hukuuliza. Kwangu mimi hiki ndicho kibali chenye nguvu kuliko vyote, ingawa hakina muhuri.

Kuhusu zana, mshipi na ndoana hazikutii mashakani. Bunduki ya kuchomea samaki, juya (wavu wa kukokota), utupa (sumu ya mmea) na baruti viache. Kasa, nguva na pomboo hawaguswi, hata kama wamenasa kwa bahati mbaya: kata mshipi karibu na ndoana uwezavyo, umwachie. Nyama ya kasa ina hatari nyingine pia. Machi 2024, Kisiwa Panza, watu 9 walifariki baada ya kuila, wanane kati yao watoto. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, na samaki bunju naye ni vivyo hivyo.

Msimu. Mkondo baina ya Pemba na bara una kina cha zaidi ya mita 700, tofauti kabisa na ule wa Unguja wenye maji mafupi, ndiyo maana samaki wakubwa wa bahari kuu hupita karibu na Pemba. Wanaorambaza, yaani wanaokokota chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, hungoja kuanzia Agosti, jodari wakianza kuonekana. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikishatulia, Disemba hadi Machi, ni zamu ya sulisuli na nguru. Kusi, upepo wa kusini, la Juni na Julai siliendei nje ya miamba. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, mashua ndogo hubaki ufukweni, hata kama asubuhi bahari inaonekana shwari. Upepo huo mara nyingi huongezeka mchana, wakati wa kurudi. Mafuta nagawa mafungu matatu: la kwenda, la kurudi na la akiba.

Kwa changu na samaki wa mwamba, ndoana ndogo inatosha (namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo, wasichanganyikiwe wanaoanza). Chambo changu ni ngisi aliyekatwa vipande virefu kama kidole cha mwisho, vyembamba. Ngozi yake ngumu haitoki kirahisi samaki wadogo wanapodonoa. Ndoana ichome ncha moja tu ya kipande, sehemu iliyobaki ining'inie na kuchezacheza. Ukikunja kipande chote kwenye ndoana, ncha inazibwa na samaki hanasi. Chubwi anza na jepesi, ongeza mpaka ulihisi likigusa chini, kisha vuta mshipi juu kama mkono mmoja.

Baura, yaani nanga, ndiyo inayonigharimu fikra zaidi. Itupwe kwenye mchanga, kamba iwe angalau mara tatu ya kina. Palipo na boya la kufungia, fungia hapo. Kwa kuogopa kunasa, kamba naifunga kwenye kitako cha baura, halafu naipitisha juu na kuishikiza kwenye pete kwa uzi dhaifu. Ikinasa, navuta kwa nguvu, uzi unakatika, baura inang'oka kwa kitako na matumbawe yanabaki salama.

Ukichomwa na mwiba wa samaki kama chale au taa, tia sehemu hiyo kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, dakika 30 hadi 90, kisha nenda hospitali. Maji hayo yasiunguze ngozi.

Barafu nabeba kilo moja kwa kila kilo ya samaki ninaowatarajia. Jodari, nguru na kibua wakikaa juani hutoa sumu inayoleta kuwashwa na kuumwa kichwa, nayo haiondoki jikoni. Watoe matumbo palepale chomboni.

Ukirudi, pitia diko umwonyeshe karani wa takwimu ulichopata, hata kama ni changu wanne tu, aandike aina na uzito. Kisha osha mshipi na ndoana kwa maji ya kisima, uzianike kivulini, kwa sababu jua kali huidhoofisha nailoni.